Kujenga nyumba nafuu kwa ushirika wa kikundi na asasi: mwongozo kamili, tangu daftari la akiba hadi nyumba iliyosimama miaka

"Mwenyekiti, mimi nikifa leo, hiyo nyumba mnayoisema itakuwa ya nani?"

Aliyeuliza ni mama muuza samaki, katika mkutano wa kikundi chetu cha akiba, Temeke. Ajenda ya siku ile ilikuwa rangi ya bati. Kimya kikatanda. Katiba yetu ilikuwa na ukurasa mzima wa faini za kuchelewa kikao, lakini haikuwa na hata mstari mmoja juu ya kifo, talaka, au mwanachama aliyekwama akataka kuuza. Rangi ya bati tukaiahirisha.

Swali lile lilinionyesha mahali nyumba za bei nafuu zinapopotelea. Kujenga ni kugumu kweli, ila nyumba nyingi za namna hii hujengwa, zikazinduliwa kwa ngoma, kisha zikaponyoka moja moja baada ya miaka mitano au kumi. Mgonjwa anauza apate fedha za hospitali. Warithi wanauza wagawane. Mnunuzi ni mtu mwenye uwezo, anaunganisha mbili ziwe moja au anapangisha kwa bei ya soko, na yule aliyekusudiwa anarudi kutafuta chumba Mbagala na kudaiwa kodi ya miezi sita mkupuo. Kwa hiyo katika mwongozo huu kanuni ya kuuza inakuja kabla ya ardhi na kabla ya tofali la kwanza.

Nimeuandika kwa vikundi vya akiba na asasi ndogo za mijini. Sheria ninazozitaja ni za Tanzania. Mifano inatoka pia Nairobi na Voi, kwa sababu wenzetu wa huko wamefanya mambo ya kuigwa.

Hatua ya 1: Jihesabuni wenyewe

Serikali ilipoamua kupanua eneo la bandari ya Dar es Salaam, maelfu ya wakazi wa Kurasini walitakiwa kuhama. Wengi wao walikuwa wapangaji, na fidia ilikwenda kwa wenye nyumba. Baadhi ya wakazi hao, wapangaji kwa wenye nyumba, walikuwa tayari wako katika vikundi vya akiba vilivyounganishwa na shirikisho la wakazi maskini wa mijini, wakisaidiwa na asasi iitwayo Centre for Community Initiatives. Walikuwa na orodha zao na wanajuana. Ndiyo maana waliweza kununua ekari 30 huko Chamazi kwa shilingi milioni 24 na kuanzisha chama cha ushirika wa nyumba. Ambaye hakuwa kwenye orodha yoyote alihama kivyake.

Anzeni basi na kuhesabu. Pita nyumba kwa nyumba mkiwa wawili wawili, kijana anayejua kuandika na mtu mzima anayejulikana mtaani, kwa ruhusa ya maandishi ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Andika namba ya chaki mlangoni. Uliza ni nani anaishi hapa, tangu lini, amepanga au ni mwenye nyumba, analipa kodi kiasi gani, anapata nini kwa siku ya kawaida na kwa siku mbaya. Uliza pia kama yupo mzee anayeishi peke yake, mtu mwenye ulemavu, au mgonjwa wa muda mrefu. Majibu haya mtayahitaji kwenye hatua ya 8. Mkimaliza, someni orodha hadharani mtaa mzima usikie, aliyerukwa aseme na aliyejipachika asemwe. Takwimu iliyosomwa mbele ya majirani haina wa kuibishia, hata afisa wa manispaa.

Mpangaji aandikwe sawa na mwenye nyumba. Hapa msilegeze. Kule Huruma, Nairobi, katika kijiji cha Kambi Moto, wenye vibanda na wapangaji walikubaliana kwamba kila familia itapata nyumba moja, basi. Mazungumzo yale yalichukua muda, lakini bila makubaliano hayo mradi ungewatoa wapangaji na kuwajengea wenye vibanda.

Hatua ya 2: Akiba ya kila siku

Mfadhili yeyote wa maana atauliza kwanza mmeweka nini ninyi wenyewe. Kikundi cha watu 80, kila mmoja akiweka shilingi 2,000 kwa siku 25 za mwezi, kinakusanya milioni 4 kwa mwezi na milioni 48 kwa mwaka. Si hela ya kujenga nyumba 80, lakini inatosha kuanza kutafuta ardhi na kuingia ofisi ya benki bila kuomba radhi.

Napendelea akiba ya kila siku kuliko ya mwezi. Muuza mihogo ana 2,000 leo. Ukimwambia alete 50,000 tarehe 30, tarehe 30 itamkuta hana. Mkusanyaji apite mlangoni jioni, aandike mbele ya mwanachama katika madaftari mawili, moja lake na moja la mwanachama, na kila mmoja atie sahihi kwenye daftari la mwenzake. Fedha zilale benki kesho yake kabla ya saa sita. Akaunti iwe na watia sahihi watatu ambao si ndugu. Taarifa ya benki isomwe kwa sauti kila mkutano wa mwezi, hata kama imekuwa ileile.

Fungueni mifuko miwili tangu mwanzo: akiba ya ardhi na nyumba, ambayo haiguswi, na akiba ya dharura, ambayo mtu anakopa mtoto akiugua. Msipotenganisha, nyumba italiwa na homa.

Hatua ya 3: Kumchagua mshirika

Kikundi kina watu, akiba na uhalali. Asasi ina wahandisi, wanasheria, mlango wa kuingilia wizarani, na uwezo wa kuandika andiko la mradi. Ushirika mzuri ni ule ambao kila upande unafanya unachokiweza na haujifanyi mwenzake. Nimeona asasi inayochagua wanachama wa kupewa nyumba. Huo si ushirika tena, ni mgao.

Kabla ya kutia sahihi, kagueni. Je, imesajiliwa na Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali chini ya Sheria Na. 24 ya 2002? Hesabu zake hukaguliwa? Imewahi kufanya kazi na kikundi gani? Nendeni mkakione hicho kikundi bila ya asasi kuwapo, mkae na wanawake wa pale, mwulize mambo mawili: nani anashika hati, na fedha za mradi zilipoisha kilitokea nini.

Hati ya makubaliano iandikwe Kiswahili na isomwe mkutanoni kifungu kwa kifungu. Iseme nani analipa nini, nani anaajiri mafundi, nani anaamua anayepata nyumba, vifaa vikibaki ni vya nani, na asasi ikifungwa madeni yanahamia wapi. Asasi ikitaka hati ya ardhi iandikwe kwa jina lake "kwa usalama wenu", shukuruni mwondoke.

Manispaa nayo ni mshirika, msiione kama adui wa kukwepwa. Kambi Moto walijenga juu ya ardhi iliyokuwa ya Halmashauri ya Jiji la Nairobi, kwa makubaliano na halmashauri, na ujenzi ukaanza mwaka 2003. Muiteni afisa mipango miji, afisa ardhi na afisa maendeleo ya jamii tangu mikutano ya mwanzo, wakati bado hamna mnachowaomba.

Hatua ya 4: Andikeni kanuni ya kuuza kabla ya kununua

Hapa ndipo pa kukaa sana. Mkitumia miezi mitatu katika hatua hii hamjachelewa.

Jambo la kwanza ni kutenganisha ardhi na nyumba. Wakazi wa Tanzania-Bondeni, mtaa ulioko mji wa Voi nchini Kenya, walifanya hivyo katika miaka ya 1990, katika mradi wa miji midogo uliosaidiwa na Ujerumani. Walionyeshwa njia kadhaa za kumiliki, wakachagua ile ambayo ardhi inabaki mikononi mwa jumuiya yao na kila mkazi anamiliki alichokijenga juu yake. Nyumba yako waweza kuirithisha na kuiuza; ardhi huna uwezo wa kuiuza kwa sababu si yako peke yako. Watu wa pwani wazo hili hawahitaji kufundishwa kwa kitabu. Ni ndugu wa wakfu: mali imefungwa, manufaa yanaendelea.

Kwa Tanzania, njia iliyo karibu ni chama cha ushirika wa nyumba kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013. Hati miliki inakuwa kwa jina la chama, na kila mwanachama anakuwa na mkataba wa ukaaji wenye namba ya kiwanja au nyumba yake. Ipo pia Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, inayoruhusu kila mtu kuwa na hati ya sehemu yake katika jengo moja. Ina faida yake kwa mtu anayetaka kukopa benki kwa jina lake. Kwa watu wa kipato cha chini mimi naiogopa, maana hati ya mtu mmoja huuzwa na mtu mmoja, usiku mmoja.

Jambo la pili ni bei. Andikeni kwamba mwanachama anayeondoka anauza kwanza kwa chama, na chama kina siku 90 za kujibu. Bei yake ni gharama ya kujenga nyumba ile kwa bei za leo, ukitoa uchakavu, ukitoa deni lililobaki. Thamani ya ardhi haimo. Tuchukue nyumba ambayo leo ingejengwa kwa milioni 14. Uchakavu asilimia 10, inabaki 12,600,000. Ana deni la 2,100,000. Atalipwa 10,500,000, na nyumba itakwenda kwa anayefuata kwenye orodha ya wanaosubiri, kwa bei anayoiweza. Mtu wa nje angetoa labda milioni 30, kwa sababu anainunua ardhi na barabara iliyopita jirani. Tofauti ile ndiyo nyumba nafuu yenyewe. Ikiruhusiwa itoke, mtaa wote utaifuata.

Wanachama watapinga. Kikundi chetu kilipinga, na kwa haki: "Mnataka maskini asipate faida ambayo tajiri anaipata?" Jibu nililoliona likieleweka ni kumrudisha mtu kwenye siku aliyoingia. Angenunua ardhi kwa bei ya soko siku ile? Hapana, aliingia kwa sababu wenzake 79 waliweka pamoja naye. Anaondoka na jasho lake lote kwa bei ya leo, na mlango alioingilia anauacha wazi. Kama watu wengi bado hawaridhiki, wekeni asilimia ndogo ya nyongeza kwa kila mwaka aliokaa, ila iandikwe tarakimu. Neno "bei ya haki" peke yake huzaa kesi.

Jambo la tatu ni swali la mama muuza samaki. Kila mwanachama ajaze fomu ya mrithi wa ukaaji, aitie sahihi mbele ya mashahidi wawili, na airudie kila mwaka. Fomu hii haifuti taratibu za mirathi, ziwe za Kiislamu, za kimila au za kiserikali. Inachofanya ni kutenganisha mambo mawili: thamani ya hisa za marehemu itagawanywa kwa warithi kwa mujibu wa mirathi, na anayebaki kukaa ndani ni yule aliyetajwa, akikidhi masharti ya uanachama. Mjane au mgane anayeishi ndani asitolewe kwa sababu yoyote wakati mirathi inaendelea. Kwa wanandoa, mkataba uwe na majina mawili tangu mwanzo. Mkiandika jina la baba peke yake mmeshatengeneza kesi ya talaka.

Yaliyobaki yaandikwe kwa ufupi: mwanachama asiwe na nyumba mbili, kupangisha nyumba nzima kwa mtu wa nje ni mpaka ruhusa ya mkutano na kwa muda, na kanuni hizi zisibadilishwe bila robo tatu ya wanachama wote na idhini ya maandishi ya asasi mshirika. Hicho cha mwisho kinawapa asasi kura ya kuzuia tu. Hawana kura ya kuamua. Mpeni msaidizi wa kisheria au wakili aipitie rasimu kabla ya kuipeleka kwa msajili.

Hatua ya 5: Ardhi

Sasa nunueni. Kikundi kimoja ninachokifahamu kilinunua ekari nne nzuri, tambarare, bei poa. Baada ya malipo ndipo ikajulikana njia ya kuingilia inapita shambani kwa mtu mwingine, naye akaizungushia uzio. Miaka miwili tofali zilikaa zikiota kuvu.

Nendeni mkaione siku ya mvua. Mulize jirani mmoja mmoja wa pande zote nne kuhusu mipaka, nao waje kutia sahihi siku ya mauziano. Muuzaji aje na mwenza wake: Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza kwa nyumba ya familia, na hata kwa shamba tupu ni busara. Fanyeni upekuzi ofisi ya ardhi, na mwombe kuuona mchoro wa mipango miji, maana sehemu inayoonekana pori inaweza kuwa imepangwa shule au barabara. Malipo yapite benki kwa benki. Kisha tafuteni mpima aliyesajiliwa, bikoni (alama za mipaka) zipandwe, na maombi ya hati yaanze mara moja kwa jina la chama.

Umbali uhesabuni kama gharama. Chamazi iko zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, na watu wa Kurasini waliishi kwa kazi za bandarini na biashara za pale. Zidisheni nauli ya kwenda na kurudi mara siku 26 mara watu wanaotoka kila nyumba. Kiwanja cha bei ya chini chenye nauli ya 60,000 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kinaweza kuwa ghali kuliko kidogo kilicho karibu. Na kuhusu udogo: viwango vya ukubwa wa viwanja vinajadilika pale mradi ni wa wakazi wa kipato cha chini na mna mchoro mzuri mkononi. Ombeni.

Hatua ya 6: Nyumba ya kitambaa

Mchoro wa karatasi unasomwa na watu watatu kati ya 80. Watu wa Huruma walisimamisha nyumba ya mfano ya ukubwa kamili kwa mbao na kitambaa, kila mtu akaingia.

Fanyeni hivyo uwanjani. Pigeni vigingi, fungeni kanga na shuka kuukuu kuwa kuta, muweke ndani kitanda halisi cha futi tano, jiko la mkaa, ndoo tatu za maji. Mtagundua kwa dakika kumi kwamba mlango wa choo unafungukia jikoni. Mtamwona bibi akishindwa kugeuka na mkongojo wake. Sogezeni shuka hapohapo, mpimaji wa asasi aandike vipimo vipya. Kusogeza shuka ni bure.

Chagueni nyumba inayokua. Kambi Moto viwanja vilikuwa vidogo sana, hivyo walijenga kwenda juu kwa hatua: chini kwanza, ghorofa baadaye mwenyewe akipata. Sakafu za juu walitumia laadi, vipande vya zege vinavyofinyangwa chini na wanachama kisha kupandishwa. Chamazi walianza na vyumba viwili kwenye kiwanja kinachoruhusu kuongeza. La muhimu ni msingi na nguzo vipimwe na mhandisi kwa ajili ya nyumba ya mwisho, si ya mwanzo.

Hatua ya 7: Fedha na ujenzi

Changanyeni vyanzo. Akiba yenu inanunua ardhi. Ruzuku kupitia asasi ilipe vitu ambavyo havirudishi fedha: upimaji, barabara, maji, mfumo wa maji taka. Chamazi, kwa mfano, maji taka ya nyumba yanakusanywa kwa mabomba na kuchujwa kwenye ardhi oevu ya kutengenezwa, na kitu kama hicho hakiwezi kubebwa na mkopo wa muuza vitumbua. Mkopo ujenge nyumba yenyewe. Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni ya shughuli za kiuchumi na haina riba. Kikundi cha wanawake ndani ya chama chenu kinaweza kuiomba kwa ajili ya mashine ya tofali, kikauzia mradi na mtaa.

Ulizeni riba inahesabiwaje, kwa maneno haya: "Inahesabiwa juu ya mkopo wote hadi mwisho, au juu ya deni linalobaki?" Mkopo wa milioni 10 kwa miaka mitano, riba asilimia 12 kwa mwaka. Ikihesabiwa juu ya deni linalobaki, rejesho ni kama 222,000 kwa mwezi. Ikihesabiwa juu ya mkopo wote, ni kama 267,000. Asilimia ni ileile kwenye karatasi, na tofauti kwa miaka mitano ni zaidi ya milioni 2.6 kwa nyumba moja.

Tofali tengenezeni wenyewe. Vyumba viwili vya mita 3 kwa 3 vilivyopakana vina urefu wa kuta mita 21. Kwa kimo cha mita 2.7, ukitoa milango na madirisha, ni kama mita za mraba 48. Kwa tofali za inchi 6, kama 9 kwa mita ya mraba, ni tofali 430 hivi; hesabuni 460 kwa ajili ya kuvunjika. Msingi haumo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 usitoe zaidi ya tofali 30. Wapo wanaotoa 45 na wanajisifu. Zimwagilieni asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau, kivulini au chini ya magunia, na msizipandishe ukutani mapema. Zege hukaribia nguvu yake kamili siku ya 28. Chukueni tofali moja katika kila mia, iachieni kutoka usawa wa kiuno idondoke kwenye udongo mgumu. Ikipasuka vipande, mia nzima isimame pembeni mpaka mjue aliyechanganya alichanganya nini.

Jengeni kwa mafungu ya nyumba 5 au 10. Fungu la kwanza litakuwa na makosa, na ni afadhali kukosea tano kuliko themanini. Nani aingie kwanza? Pigeni kura ya bahati hadharani kati ya wasio na deni la akiba, ila nyumba mbili katika kila kumi mziweke pembeni kwa wale wa hatua inayofuata.

Hatua ya 8: Wanaohitaji nyumba pamoja na msaada

Kuna mtu ambaye funguo peke yake hazimtoshi. Mzee asiye na mtoto, mama aliyekimbia kipigo, kijana mwenye ugonjwa wa akili aliyetulia kwa dawa, mwenye kiti cha magurudumu, aliyetoka kwenye nyumba za soba baada ya kuacha unga. Ukimpa chumba na kumwacha, baada ya miezi sita chumba kimefungwa na yeye hayupo.

Kanuni yangu ni fedha za nyumba na fedha za huduma zisikae mfuko mmoja. Huduma hulipwa na wafadhili wa mwaka mmoja au miwili; mfadhili akiondoka, mtu asipoteze paa. Kwa hiyo nyumba iwe ya chama, kama nyingine zote, na huduma iletwe na asasi ya pili yenye ujuzi huo, kwa mkataba wake. Katika mkataba huo taja siku na saa: mhudumu anapita Jumanne na Ijumaa, namba ya kupigiwa usiku ni ya nani, dawa zinafuatwa zahanati gani.

Nyumba hizi zisiwekwe pamoja nyuma ya kiwanja. Zitawanyeni kati ya nyingine, majirani wasikie mlango usipofunguliwa asubuhi. Mlango uwe na upana wa sentimita 90. Njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu iwe na urefu wa sentimita 12 kwa kila sentimita 1 ya kupanda: kizingiti cha sentimita 30 kinataka mita 3.6, na fundi atakuambia mita moja na nusu inatosha. Haitoshi. Mwombeni fundi akae kwenye kiti akapande mwenyewe.

Hatua ya 9: Kuzitunza

Nyumba nyingi za wakfu za Mji Mkongwe, Unguja, zilihifadhi watu wa kipato kidogo kwa vizazi. Sheria ya wakfu ilizilinda zisiuzwe. Lakini kodi ilibaki ndogo mno, matengenezo yakangoja, boriti zikaoza kwa maji ya mvua. Kufunga mali isiuzwe hakuizuii kuanguka.

Tozeni mchango wa matengenezo tangu mwezi wa kwanza, wakati nyumba bado mpya na kila mtu anaona hauna haja. Nyumba 40 kwa 5,000 kwa mwezi ni 2,400,000 kwa mwaka. Zikae akaunti yake, na sababu za kuzitoa ziorodheshwe: paa la pamoja, mabomba, mfumo wa maji taka, taa za njia. Karibu na bahari bati huliwa na chumvi haraka, hivyo ongezeni.

Kila Februari, kabla ya masika, watu wawili wa kamati na fundi wapite nyumba zote na karatasi yenye safu tano: paa, mifereji, nyufa, choo, nyaya. Anayelipa kwa kuchelewa aonwe mwezi wa kwanza kwa kutembelewa nyumbani na mtu anayemheshimu, si barua. Mara nyingi utakuta ugonjwa au kazi iliyokwisha, na mfuko wa dharura wa hatua ya 2 unaweza kumvusha miezi mitatu. Kumtoa mtu kuwe uamuzi wa mkutano mkuu, baada ya asasi mshirika kujaribu kusuluhisha, na alipwe thamani yake kwa ile kanuni ya bei.

Katika ziara hiyo ya Februari kamati ibebe pia fomu za warithi zijazwe upya. Wanaofariki, wanaoolewa na wanaozaliwa ni wengi kwa mwaka mmoja. Nakala moja ibaki nyumbani kwa mwanachama, moja kwa katibu, moja kwenye kabati la asasi. Yule mama muuza samaki alijaza yake ya kwanza akiwa amesimama, ndoo kichwani, akamwandika mjukuu anayesoma darasa la nne, kisha akatuuliza kama mtoto wa darasa la nne anaruhusiwa. Ikabidi tuongeze kifungu cha mlezi.